Ngitili na Maana ya Kupona

Mtu aliyepatwa na msiba mkubwa, akapoteza mali, afya au heshima yake, aghalabu hupewa mashauri mawili yanayopingana. Shauri la kwanza humwambia aondoke, aende mahali asipojulikana, akaanze maisha mapya kama mtu aliyezaliwa jana. Shauri la pili humwambia arudi kwao kijijini, kwani huko ndiko yaliko makaburi ya wazee wake, na ndiko waliko ndugu watakaomtunza hadi apate nafuu. Shauri hili la pili lina methali nyingi za kulitetea. Husemwa kwamba mkataa kwao ni mtumwa, na kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Shauri la kwanza halina methali nyingi, walakini lina wafuasi wengi, na barabara ziendazo mijini na migodini zimejaa watu waliolifuata.

Ingawa yanapingana, mashauri haya yanakubaliana katika jambo moja lisilochunguzwa sana, nalo ni kwamba kupona ni suala la mahali. La kwanza laona kwamba ugonjwa umebaki nyuma na dawa iko mbele. La pili laona kinyume chake. Yuko mtu, hata hivyo, ambaye mashauri yote mawili hayamfai. Ni yule aliyeumizwa na kijiji kile kile anachoambiwa akirudie, na ambaye hana pengine pa kwenda. Huyu haulizi aishi wapi. Auliza kama jamii iliyomjeruhi mtu yaweza kuwa ndiyo jamii itakayomponya, na kama yaweza, kwa sharti gani.

Swali hili lingeweza kujadiliwa popote kwa mifano ya kubuni. Lakini ipo nchi moja ambamo limeandikwa juu ya ardhi yenyewe, na mwenye macho aweza kulisoma. Nchi hiyo ni uwanda wa Usukuma unaozunguka Mwadui, katika wilaya ya Kishapu na mkoa mzima wa Shinyanga. Huko ardhi ilijeruhiwa kwa mikono ya watu, na sehemu yake kubwa ikapona kwa mikono ya watu wale wale. Yafaa kutazama kwanza jinsi ardhi ilivyopona, kisha kuuliza kama mafundisho yake yamhusu na mtu.

Jina la Mwadui lilijulikana duniani kwa sababu ya almasi. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Thoburn Williamson, aligundua hapo mwamba wenye almasi ambao eneo lake ni kama hekta 146, mmoja wa mikubwa kabisa iliyopata kuchimbwa ulimwenguni. Mwaka 1947 lilitoka humo jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati zipatazo 54, ambalo Williamson alimtunukia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kwa ajili ya arusi yake. Williamson alifia Mwadui mwaka 1958, na mwaka huo huo mgodi ukawa mali ya kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Pembeni mwa machimbo palikuwa pamejengwa mji kamili wenye hospitali, shule na uwanja wa ndege, na kuuzunguka mji na machimbo pakawekwa uzio.

Uzio huo yafaa ukumbukwe. Kazi yake ilikuwa wazi, yaani kumzuia aliye nje asiingie kuchukua kilichomo ndani. Haukumzuia mwenye mgodi katika jambo lo lote, kwani yeye alichimba usiku na mchana, masika na kiangazi. Katika uwanda huo huo kuna uzio wa namna nyingine, ambao kwa kawaida hauna waya wala walinzi wa mshahara, na unaomzuia kwanza yule yule aliyeuweka. Wasukuma huuita ngitili. Lakini kabla ya kuieleza ngitili, haina budi kueleza jeraha.

Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ilipigana vita na mbung'o, ambao waliua ng'ombe na kuwaambukiza watu malale. Shinyanga ikawa makao ya idara ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Silaha kuu za vita hivyo zilikuwa shoka na moto. Vichaka na misitu vilifyekwa kwa nguvu za watu wengi, mbung'o wakakosa kivuli, wakarudi nyuma. Ng'ombe wakaongezeka, na walipoongezeka malisho yakapungua. Baadaye pamba ilipopata soko mashamba yakapanuka, na miti iliyosalia ikakatwa kwa ajili ya kuni na nguzo. Kisha likaja jambo la tatu. Mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kila mkulima awe anaishi katika kijiji, na mwaka 1974 kaya nyingi za Shinyanga zikahamishwa kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika. Walipohama waliyaacha nyuma malisho waliyokuwa wakiyatunza wenyewe, na kitu kilichoachwa na mwenyewe kikawa cha kila mpitaji. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Julius Nyerere aliuita mkoa wa Shinyanga jangwa la Tanzania.

Mambo haya matatu hayakufanywa na watu waovu. Kufyeka vichaka kulikusudiwa kuokoa ng'ombe na watu, pamba ilikusudiwa kuleta fedha za kodi na karo, na vijiji vilikusudiwa kuleta shule, zahanati na maji karibu na watu. Kila moja lilikuwa mwanzo mpya. Lakini yote yana sura moja inayofanana: kila mwanzo ulianza kwa kufuta kilichokuwapo, kama mwalimu afutavyo ubao ili aandike somo jingine. Ardhi si ubao. Kilichofutwa juu yake hakiondoki peke yake. Huondoka pamoja na kivuli, na udongo, na maji, na mwisho hata nafasi ya kuandika lile somo jipya.

Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kuwa HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni hata mpango huu ulifuata njia ya ubao. Nguvu zilitiwa katika vitalu. Miche ikaoteshwa, mingi ya miti ya kigeni, na wanakijiji wakapewa wakaipande. Miche ilitaka maji katika nchi yenye uhaba wa maji, na kazi haikuzaa matunda kama ilivyotarajiwa. Ndipo wataalamu walipojifunza kutazama chini. Ardhi iliyoonekana tupu haikuwa tupu. Migunga na miti mingine ilikuwa imekatwa, lakini mizizi yake ilikuwa hai. Kila mvua ilipokuja visiki vilitoa machipukizi, na kila mwaka machipukizi hayo yaliliwa na mifugo au yalikatwa kabla hayajapita kimo cha magoti. Nchi haikukosa mbegu wala miche. Ilikosa kuachwa.

Maarifa ya kuacha yalikuwapo tangu kale. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, ili nyasi zikue na machipukizi yainuke bila kukanyagwa. Hufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali na malisho mengine yamekwisha. Nayo haikukusudiwa mifugo yote kwa pamoja. Kwa desturi ilikuwa ya ndama, ng'ombe wa kulimia, na wanyama wazee au wagonjwa wasioweza kufuata kundi kwenda mbali. Nyingine zilikuwa za kaya moja moja, nyingine za kijiji kizima. Mpaka wake ulijulikana kwa watu wote, na aliyeuvunja alijibu mbele ya wenzake katika dagashida, lile baraza la wananchi wenyewe.

Ngitili zilizosalia mwaka 1986 zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Utafiti uliofanywa mwaka 2004 na wizara iliyohusika na misitu pamoja na shirika la IUCN ulikuta zaidi ya hekta 300,000 zimerudishwa, katika vijiji zaidi ya 800, na ukakadiria faida yake kuwa kama dola 14 za Marekani kwa kila mtu kwa mwezi. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kuni zilikuwa karibu tena na nyumba, nyasi za kuezekea zikapatikana, asali na dawa za mizizi na magome zikarudi. Watu waliofanya hayo hawakuletwa kutoka nchi nyingine. Walikuwa wana na wajukuu wa wale walioshika shoka.

Fundisho la kwanza la habari hii ni kwamba kuanza upya si kuanza bila kitu. Chukua mathalan kijana wa Kishapu aliyekwenda katika machimbo ya dhahabu ya Geita, akakaa huko miaka kumi, akarudi na kikohozi cha vumbi na mifuko mitupu. Nduguze wakiwa watu wema humtafutia miche: humwozesha mke, humfungulia kibanda cha biashara, humletea mtu wa kumwasa. Mambo haya yaweza kumfaa, walakini yote yamchukulia kuwa shamba tupu. Mtu aliyeishi machimboni miaka kumi amejifunza mengi. Ajua kusoma mwamba, ajua kushusha wenzake gizani na kuwapandisha salama, ajua kugawa mapato mbele ya watu kumi wenye njaa bila ngumi kurushwa. Hiyo ndiyo mizizi yake. Lakini kila ajaribupo kusema neno barazani, mtu mmoja humcheka na kumwita tajiri wa dhahabu, na mwingine humkumbusha deni la nauli ya siku alipoondoka. Machipukizi huliwa yangali mafupi. Baada ya miaka mitatu ya hali hiyo watu husema kwamba mtu yule hana kitu ndani yake, kama wageni walivyosema juu ya ardhi ya Shinyanga.

Mtu huyu hahitaji kufanywa mtu mwingine. Ahitaji msimu mmoja wa kutokanyagwa. Hata hivyo, yapasa kutofautisha kuachwa huku na kutelekezwa. Malisho yaliyoachwa na wenyewe mwaka 1974 yaliachwa pia, nayo yakafa. Ngitili huachwa na watu wanaoitazama kila siku, wanaojua mpaka wake, na walio tayari kusimama mtu akiingiza ng'ombe wake kwa siri. Kumwacha mtu apone ni kazi yenye macho. Ni kumpa nafasi na wakati huo huo kuilinda nafasi hiyo.

Fundisho la pili ni zito zaidi, nalo lahusu gharama. Hakuna ngitili isiyogharimu. Mwenye ng'ombe mia mbili huona nyasi za kijani ng'ambo ya mpaka, ilhali kundi lake limekonda, na asiingie. Mwenye tanuri la mkaa hupita penye mgunga mchanga na asiukate. Wenye nguvu ya kula ndio wanaojizuia, na kiangazi kinapofika wanaoingia kwanza ni ndama na wanyama wagonjwa. Mkataba wa ngitili humfunga yule anayeuweka. Katika uzio wa Mwadui ni mtu mwingine aliyefungwa. Tofauti hii ndiyo yaweza kujibu swali lililoulizwa mwanzoni, lakini kabla ya kulijibu yapo maneno ya upande wa pili yasiyoweza kupuuzwa.

Yaweza kusemwa kwamba sifa hizi za kijiji ni tamu mno. Kijiji cha Usukuma hakikuwa pepo. Kwa miaka mingi wanawake wazee wa nchi hiyo wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na alama iliyotajwa mara nyingi dhidi yao ni macho mekundu. Waliochunguza jambo hili wameeleza chanzo kilicho wazi cha wekundu huo: ni moshi wa jikoni, hasa moshi wa mavi makavu ya ng'ombe, ambayo wanawake walipikia kwa kukosa kuni. Yafaa msomaji aufuate mnyororo huu polepole. Jamii ilikata miti. Mwanamke akapikia mavi ya ng'ombe. Moshi ukamwumiza macho mwaka baada ya mwaka, alipokuwa akiwapikia wanawe na wajukuu wake. Kisha jamii ikayasoma macho yale kuwa ushahidi wa kumhukumu. Jeraha la ardhi liliandikwa usoni mwa mtu aliye dhaifu kuliko wote, naye akaambiwa kuwa ndiye aliyelileta.

Wala haitoshi kusema kwamba hayo ni matendo ya watu wachache wapotovu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Usukuma na Unyamwezi viliunda sungusungu, jeshi la wanakijiji la kujilinda na wezi wa ng'ombe wenye silaha. Lilikuwa tendo la ushujaa na la umoja, na wezi wengi walikomeshwa. Mahali pengine sungusungu hao hao waliwasaka wanawake waliotuhumiwa uchawi, wakawaadhibu na kuwafukuza. Na baadaye, katika vijiji vingi, ni sungusungu waliolinda ngitili. Umoja ulikuwa mmoja, baraza lilikuwa moja, na pengine hata watu walikuwa wale wale. Basi yeye asemaye kwamba jamii huponya hana budi aeleze ni jamii ipi, maana jamii ndiyo iliyoua pia.

Jibu halipatikani kwa kutenganisha desturi ya kale na mambo ya kisasa, kwa kuwa ngitili ni ya kale na kufukuza wachawi ni kwa kale pia. Halipatikani hata kwa kupima wema wa mioyo, kwa sababu waliomfukuza mwanamke mzee waliamini kwamba wanawalinda watoto wao. Lapatikana kwa kuuliza swali jingine: katika mapatano haya, ni nani anayezuiwa? Katika ngitili mwenye nguvu hujizuia ili kilicho dhaifu kipate kuinuka. Katika kufukuza, aliye dhaifu huzuiwa, kwa kunyimwa nyumba, jina au uhai, ili wenye nguvu wapate utulivu.

Huenda mtu akapinga akisema kwamba mwizi naye huzuiwa, na kwamba kumzuia ni haki. Ni kweli, lakini sheria ya wizi humfunga kila mmoja aliyeitunga. Mzee wa baraza akiiba ng'ombe, naye ni mwizi. Sheria ya macho mekundu haikuwa hivyo. Hakuna mzee aliyeapa kwamba yeye pia, siku macho yake yatakapokuwa mekundu, atatoka kijijini kwa miguu yake. Mapatano yasiyoweza kumgeukia aliyeyaweka si mapatano ya kuponya hata yakisemwa kwa jina la amani ya watu wote.

Kipimo hiki chaweza kujaribiwa katika jambo jingine la uchungu katika nchi hiyo hiyo. Tangu katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino wa mikoa ya Ziwa waliwindwa na kuuawa kwa sababu ya imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, na migodi na uvuvi vilitajwa miongoni mwa shughuli ambazo watu walizitafutia bahati kwa njia hiyo. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya mvulana mwenye ualbino, na mwezi wa Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Katika miaka hiyo watoto wengi wenye ualbino walipelekwa katika shule ya Buhangija mjini Shinyanga, wapate ulinzi.

Hapana mwenye akili atakayelaumu kuwapeleka. Mtoto aliye katika hatari ya panga hawezi kungoja falsafa. Walakini yafaa kuuliza ni nani aliyezuiwa. Mtoto ndiye aliyewekwa nyuma ya ukuta, mbali na mama yake, na baadhi yao walikaa huko hadi wakasahau sura za ndugu zao. Wale ambao ilikuwa hatari kukaa nao waliendelea kutembea katika njia za kijiji kama zamani. Ukuta wa Buhangija uliokoa maisha, na kuokoa maisha ni jambo kubwa, ila si sawa na kuponya. Ngitili hufungwa ili ifunguliwe. Isiyofunguliwa kamwe haina tofauti na eneo lililochukuliwa kutoka kwa watu. Kupona kwa mtoto yule kutaanza siku zuio litakapovuka ukuta na kuwakalia walio nje: jirani anayekataa kusikiliza ramli, mjomba anayekataa fedha za wageni, baraza linalosema hadharani kwamba atakayemgusa mtoto huyu ametugusa sote. Siku hiyo mtoto aweza kurudi nyumbani, na kurudi kwake kutakuwa ndiyo ishara kwamba kijiji ndicho kilichokuwa mgonjwa.

Ni haki kipimo kile kile kitumike juu ya ngitili zenyewe, zisije zikafanywa sanamu. Nyingi zilizorudi zilikuwa mali ya watu binafsi. Mwenye ardhi kubwa aliweza kufunga eneo kubwa, na mwenye ardhi ndogo au asiye na ardhi akakuta mahali alipookota kuni jana pana mwenyewe leo. Ikiwa tajiri amefunga penye wengi ili awauzie nyasi kiangazi, basi hakujizuia yeye; amewazuia wengine, na uzio wake umekwisha kuwa uzio wa mgodi, ijapokuwa una miti badala ya waya. Jina zuri halibadili upande ambao zuio limeelekea.

Na mgodi nao haukukosa kufundisha. Mwaka 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa imenunua sehemu kubwa ya mgodi wa Mwadui mwaka 2009, ilifikia suluhu na watu waliodai kuumizwa na walinzi wa mgodi, bila kukiri dhima. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka, na tope likafunika nyumba, mashamba na malisho ya majirani. Watu waliopoteza nyumba walilazimika kuanza upya katika maana iliyo ngumu kuliko zote. Katika hali kama hiyo fidia ni wajibu, na nyumba mpya ni wajibu. Hata hivyo fidia hujibu swali la kilichopotea tu. Haijibu swali la nani atajizuia kesho. Mtu aliyelipwa kwa shamba lililofunikwa na bado halala usingizi kila mvua inaponyesha hajapona, kwa sababu jirani yake mwenye nguvu hajaonekana akijifunga.

Pamoja na hayo yote, lipo jambo ambalo halipasi kufichwa. Miti ilirudi Shinyanga kabla mauaji hayajakoma. Katika miaka ile ile ambayo hekta za ngitili ziliongezeka, wanawake wazee waliendelea kuuawa, na watoto wenye ualbino wakaanza kuwindwa. Watu walijifunza kuzuia shoka kabla ya kujifunza kuzuia tuhuma. Sababu yake haiko mbali. Anayezuia shoka huiona faida yake kiangazi kile kile, ndama wake wanaposhiba. Anayezuia ulimi wake juu ya bibi jirani haoni kitu. Mvua haimwongezei, na kifo cha mtoto wake kitakapokuja hatakuwa na wa kumlaumu. Kujizuia kwa namna hii hakulipwi kwa nyasi. Hudai kwamba mtu akubali kubaki na huzuni isiyo na mkosaji, na huo ni mzigo ambao watu wengi, wa vijijini na wa mijini, huona heri wautue juu ya kichwa cha mwingine.

Kwa hiyo jibu la swali la mwanzo ni ndiyo yenye sharti. Jamii iliyomjeruhi mtu yaweza kumponya, kama ilivyoweza kuiponya ardhi iliyoijeruhi, lakini haiwezi kwa kumpokea tu, wala kwa kumhurumia, wala kwa kumtaka asahau. Yaweza pale tu wale walioshika shoka watakapojifunga wenyewe, kwa mapatano yanayojulikana, kwa muda wa kutosha, na mpaka ufunguliwe wakati wake. Na mtu anayeambiwa arudi kwao ana haki ya kuuliza kwanza: ni nani huko aliyekubali kujizuia kwa ajili yangu? Asipopata jibu hana lawama akikaa mbali, na methali za kurudi zimngoje.

Mgunga ulioota kutoka kwenye kisiki haufanani na ule uliokatwa. Ule wa kwanza ulikuwa na shina moja; huu aghalabu una mashina matatu au manne yanayotoka mahali pamoja, na karibu na ardhi, kati ya mashina hayo, kovu la shoka bado laonekana. Anayepita hatasema kwamba hapa hapakutokea kitu. Lakini wakati wa kiangazi kivuli chake chatosha ndama wawili au watatu kulala, na mchungaji aliyeulinda ndiye anayekaa juani.